Mtumwa na Mtume



Siku moja tulikuwa tumeketi katika darasa la katekisimu, upande wa Kivu. Mwalimu aliwauliza watoto: «Mtume ni nani?» Mtoto mmoja, ambaye kwao nyumbani husema Kinyarwanda, akainua mkono upesi, akajibu: «Mtume ni mtumwa.» Darasa zima likacheka. Mwenzake aliyeketi nyuma akamwita mjinga. Mwalimu naye akamsahihisha: «Sivyo. Mtumwa ni mtu aliyenunuliwa. Mtume ni mtu aliyetumwa na Bwana wetu.» Mtoto akaketi, akainamisha kichwa, wala hakusema neno tena saa ile.

Jambo hilo lilitukaa moyoni. Je, mtoto yule alikosa? Katika Kinyarwanda na Kirundi, «intumwa» ni mjumbe, mtu aliyetumwa. Na kwa jina hilo hilo wakristu wa inchi zile wanawaita wale kumi na wawili waliomfuata Yesu. Mtoto alisikia lugha ya mama yake ndani ya Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe, tukikichunguza vizuri, kinamtetea. Maana mtume na mtumwa ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wamezaliwa na neno «kutuma». Basi imekuwaje mmoja akafungwa kongwa shingoni, na mwingine akawekwa pamoja na watakatifu?

Wazee hujua kwamba kibuyu kilichokaa na pombe hakisahau upesi. Ukikitia maji kesho, maji yatanuka pombe. Maneno nayo ni hivyo. Twayapokea kwa wazazi wetu, twayatia mambo yetu mapya, lakini harufu ya mambo ya kale hukaa ndani. Leo twataka kufungua vibuyu vichache tunavyotumia kila siku, nyumbani, kanisani na barazani, tuone kilichokuwamo zamani.

Njia iliyotuletea lugha

Kiswahili hakikuzaliwa kwetu Kongo. Kilizaliwa pwani ya mashariki, kikafika kwetu katika karne ya 19, midomoni mwa watu wa misafara. Misafara ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema hata mto Lualaba. Ilitafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe, watu. Nyangwe na Kasongo zikawa miji mikubwa ya biashara hiyo. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza vyakula vyao. Mamia walikufa, wengi wao majini, walipojaribu kuvuka mto.

Mkubwa wa wafanya biashara hao alikuwa Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Mwaka 1887 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alimfanya kuwa liwali wa Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Kisha, toka mwaka 1892 hata 1894, askari wa Leta walipigana na Waarabu na wafuasi wao, na enzi ile ikavunjika. Nyangwe na Kasongo zilitwaliwa mwaka 1893.

Misafara ilikwisha, lakini lugha yake haikuondoka. Mapadri Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, kisha wakapewa kituo cha Mpala mwaka 1885, waliikuta lugha hiyo kando ya ziwa, wakaitumia katika shule na katika sala. Tusisahau basi jambo hili: lugha tunayosali nayo ilikuja kwetu kwa njia ile ile iliyopita minyororo. Walipotafuta maneno ya kuwaeleza watu mambo ya Mungu, hawakupata maneno mapya yasiyoguswa na mtu. Walipata yale yaliyokuwa yamekwisha tembea pamoja na kongwa.

Anayetumwa siku zote

Neno «kutuma» ni la zamani sana. Lipo katika Kiluba, katika Kikongo, katika Kinyarwanda, katika Kiganda na katika lugha nyingine nyingi za ndugu zetu, na maana yake ni ile ile: kumwagiza mtu aende kwa ajili yako. Katika jambo hilo hakuna aibu. Mama humtuma mtoto maji. Baba humtuma kijana kwa mjomba wake kupeleka habari. Mtoto akitumwa anajua kwamba siku moja naye atakuwa mkubwa, atatuma.

Mtumwa ni yule ambaye siku hiyo haimfikii. Hutumwa leo, hutumwa kesho, hutumwa na mvi kichwani, wala yeye hana wa kumtuma. Hivyo neno lililotaja kazi ya saa moja likaja kutaja hali ya mtu maisha yake yote. Lilianza na safari ya kwenda kisimani, likaishia sokoni, ambako mtu aliuzwa kwa nguo na shanga.

Mtume alishika njia nyingine. Waislamu wa pwani walimwita Muhammad kwa jina hilo, kwa kuwa waliamini kwamba ametumwa na Mungu. Wakristu nao wakalitwaa kwa ajili ya Petro na wenzake. Hata katika hesabu ya wengi lugha imewatenga ndugu hawa wawili: twasema watumwa, kama watu wengine, lakini twasema mitume, kana kwamba tumeogopa kuwachanganya.

Mtume Paulo hakuogopa. Mwanzoni mwa waraka wake kwa Waroma ajitaja kwa majina mawili. Katika Kigiriki alichoandika, jina la kwanza ni «doulos», mtu aliye mali ya bwana wake. La pili ni «apostolos», na neno hilo latoka katika kitenzi cha kutuma. Katika Kigiriki maneno hayo mawili hayana undugu. Katika Kiswahili, tukiyaandika mtumwa na mtume, yasimama pamoja kama pacha. Watafsiri wengine wamependa kuandika mtumishi badala ya mtumwa, kwa sababu walisikia harufu ya kibuyu. Twawaelewa: nani anayetaka kusoma neno la minyororo mbele ya watu ambao babu zao walifungwa? Lakini Paulo aliandika kwa watu wa Roma, mji uliojaa watumwa wa kweli. Waliomsikia walijua ukali wa neno lake.

Mwungwana na mjinga

Tufungue kibuyu cha pili. Huko pwani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana. Mtumwa hakuweza kuwa mwungwana, hata akiwa na akili na mali. Neno lilikuwa mlango uliofungwa.

Lakini maneno yakisafiri hubadilika. Wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, walipofika bara walijiita waungwana. Henry Morton Stanley katika vitabu vyake awaita hivyo watu wake wa Unguja: Wangwana. Na hapa kwetu Maniema vijana waliotekwa, au waliojiunga na wakubwa wa misafara, walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakasali kwa desturi ya Kiislamu. Nao pia wakawa waungwana. Hivyo mlango uliofungwa pwani ulifunguliwa bara. Ila uzuri huo ulikuwa na bei yake. Ili aitwe mwungwana, mtu alihitaji mwingine wa kumwita mshenzi. Na huyo mshenzi mara nyingi alikuwa ndugu yake wa jana, aliyebaki kijijini.

Baada ya vita vya 1892 hata 1894 jina halikupotea. Waislamu wa Maniema na wa Kisangani waliendelea kuitwa bangwana, na lugha yao kingwana. Mwaka 1928 kilichapwa hata kitabu cha kuwafundisha wageni lugha hiyo, kwa jina Manuel de Kingwana. Huko pwani, wakati ule ule, neno lilishika maana ya tabia njema: mwungwana ni mtu wa adabu, asemaye kwa upole, atimizaye ahadi, awe tajiri au maskini. Mtu wa Mombasa akimsifu mwenzake kuwa mwungwana, na mtu wa Kasongo akisema fulani ni mungwana, hawasemi jambo moja, ingawa neno ni moja.

Na mshenzi je? Wakati wa utawala wa Wabelgiji neno hilo lilipata mabwana wapya. Wazungu na makarani wa mjini waliwaita watu wa vijijini «basenji», wakiwatofautisha na wale walioitwa «évolués», yaani walioendelea. Hata mbwa wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka kama mbwa wengine, amepewa na Wazungu jina hilo hilo, basenji, na kwa jina hilo anajulikana katika dunia nzima.

Tumefika sasa kwa lile neno alilotupiwa mtoto wetu darasani. Huko pwani watumwa walizaliwa wenyeji au waliletwa wageni. Wale waliozaliwa huko waliitwa wazalia. Wale waliofika karibuni kutoka bara, wasiojua bado lugha wala desturi za mji, waliitwa wajinga. Mjinga alikuwa mtu wetu: mtu wa Maniema, wa Marungu, wa ng'ambo ya ziwa, aliyesimama katika mji asioujua, akisikia maneno asiyoyaelewa. Basi kila mara tunapomwita mtoto mjinga kwa kuwa hajui jambo ambalo hajafundishwa, twalitumia neno kama walivyolitumia mabwana wale.

Kukomboa si kununua

Kibuyu cha tatu ni «kukomboa». Mtu aliyeweka kitu rahani alikikomboa kwa kulipa deni lake. Mtu aliyetekwa aliweza kukombolewa na jamaa yake kwa mali. Ni neno la malipo, neno la soko.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji ya Ulaya, Paris, London na mingine, akihubiri juu ya utumwa wa Afrika na kuomba msaada. Hata kabla ya mwaka huo mapadri kando ya Tanganyika, huko Kibanga, Mpala na Karema, walikuwa wakilipa nguo na vitu vingine ili kuwatoa watoto katika mikono ya wachuuzi. Mmoja wa watu waliokombolewa kwa njia hiyo, mbali na hapa, alikuwa Adrien Atiman. Alitekwa mtoto karibu na mto Niger, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadri huko Algeria. Alisomea uganga katika kisiwa cha Malta, kisha akatumwa Karema. Huko aliwatibu watu na kuwafundisha dini karibu miaka 70, hata kufa kwake mwaka 1956. Twaandika «akatumwa» kwa kusudi. Mtu huyo alijua maana zote mbili za neno.

Hata hivyo tusipambe habari. Kwa mchuuzi aliyepokea nguo, kukomboa na kununua lilikuwa jambo moja. Alihesabu nguo zake, akaenda zake. Watoto waliokombolewa walilelewa katika vijiji vya misioni chini ya amri ya mapadri: kazi yao, makao yao, mara nyingi hata ndoa zao. Wanahistoria wa siku zetu wameuliza kama baadhi yao hawakuona tu kwamba wamebadilishiwa bwana. Ni swali la haki, wala halifai kukwepwa. Bei iliyolipwa sokoni haikuweza kuonyesha tofauti kati ya kukomboa na kununua. Ilionekana baadaye, kwa jinsi mtoto alivyotendewa. Alipofundishwa, akakua, akajitawala, akawa na wa kumtuma, hapo neno kukomboa lilikuwa la kweli. Alipobaki mtu wa kutumwa tu, alikuwa amenunuliwa mara ya pili.

Tukumbuke pia kwamba njia hiyo ilipitwa na wengine kabla yetu. Neno la Kilatini «redemptio», lililozaa neno la Kifaransa «rédemption», maana yake ya kwanza ni kununua tena, kutoa mateka kwa malipo. Watrinitari, shirika lililoanzishwa mwaka 1198, walikuwa na kazi hiyo ya kukomboa mateka. Lakini Mfaransa wa leo asikiapo neno hilo kanisani hasikii tena sauti ya soko. Kwa Mpala mambo yalikuwa mengine. Katekista aliposema kwamba Yesu ni Mkombozi, walikuwapo mbele yake watu waliokumbuka siku yao wenyewe ya kukombolewa. Hao hawakuhitaji mfano.

Baadaye neno likapanuka tena. Mwaka 1963 Umoja wa Inchi za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam, kuzisaidia inchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni. Kifaransa kina neno la kanisani, «rédemption», na neno la siasa, «libération». Sisi twatumia moja, ukombozi. Anayelisema barabarani na anayelisali altareni wachota katika kisima kimoja. Ni utajiri, lakini pia ni hatari, maana mwenye bunduki aweza kulitwaa neno la altare akalifanya bendera yake.

Uhuru wa mmoja na uhuru wa wote

Kibuyu cha mwisho ni uhuru. Neno latoka katika Kiarabu, «hurr», maana yake mtu asiye mtumwa. Kwanza halikuwa neno la taifa. Lilikuwa neno la mtu mmoja, na mara nyingi la karatasi moja. Bwana aliyemwacha mtumwa wake alimwandikia hati ya uhuru. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikawapa watumwa ruhusa ya kudai uhuru wao. Tanganyika utumwa ulikomeshwa na sheria mwaka 1922 tu. Kwa hiyo mzee aliyekuwa hai mwaka 1961, Tanganyika ilipojitawala, aliweza kulisikia neno uhuru mara mbili katika maisha yake: mara ya kwanza kwa nyanya yake aliyeachwa na bwana wake, mara ya pili kwa taifa zima.

Kwetu Kongo, tarehe 30 Juni 1960, watu wa magharibi waliimba «dipanda», neno walilolitengeneza kwa «indépendance» ya Kifaransa. Lilikuwa neno jipya, limetoka dukani siku ile. Sisi wa mashariki tulisema uhuru, na neno letu lilikuwa zee, limekwisha lia machozi. Labda ndiyo sababu tulitazamia mengi kwalo. Aliyetoka utumwani hatazamii bendera tu. Atazamia asitumwe tena bila kuulizwa, alime shamba liwe lake, ajenge nyumba isichomwe usiku. Miaka iliyofuata imetuonyesha kwamba taifa laweza kuwa na hati ya uhuru sandukuni, na watu wake wakatumwa bado.

Nani huosha maneno?

Tumeona basi mambo gani? Kwamba kamusi si bwana wa maneno. Neno mwungwana lilifungua mlango na kufunga mlango. Neno kukomboa lilitoka sokoni likapanda altareni. Neno uhuru lilikuwa karatasi, likawa inchi. Hakuna mkubwa aliyekaa mezani na kuamuru mabadiliko hayo. Watu waliyafanya kwa vinywa vyao, na zaidi ya vinywa, kwa jinsi walivyotendeana.

Mwaka 1917, huko Baudouinville, inayoitwa leo Moba, Stefano Kaoze alipewa upadri. Alikuwa mwana wa milima ya Marungu, na wa kwanza katika inchi yote ya Kongo. Miaka thelathini tu nyuma, watu wa milima ile walikuwa wakitekwa na kupelekwa ng'ambo ya ziwa. Waliomwona akitumwa kuhubiri walikuwa na wazee kati yao waliojua maana ya zamani ya kutumwa. Siku ile kibuyu kilioshwa kidogo.

Lakini hakijaoshwa chote. Tazameni nyumbani mwenu. Yuko mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini ili asome, naye hatumwi shuleni. Hutumwa kisimani, sokoni, jikoni, hata usiku wenzake wamelala. Hatumwiti mtumwa, twaona haya. Twamwita mtoto wa nyumbani. Je, neno hilo jipya litanuka nini baada ya miaka hamsini, ikiwa ndani yake twatia jambo lile la kale?

Baada ya darasa lile tulizungumza na mwalimu, tukamweleza haya kwa ufupi. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: «Basi mimi ndimi niliyekuwa sijafundishwa.» Juma lililofuata alimwita yule mtoto mbele, akamwambia: «Tufundishe neno lako.» Mtoto akaandika ubaoni «intumwa», na chini yake «mtume», na chini yake tena «mtumwa». Akapiga mstari chini ya sehemu iliyo sawa katika maneno yote matatu. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule wa nyuma aliuliza tu kama katika Kinyarwanda kuna maneno mengine ya namna hiyo.